Ujira wa Rafiki: Hesabu za Cicero na Atticus

Warumi wa kale walijua kutia bei. Waliuza haki ya kukusanya kodi za majimbo, walipangisha vyumba vya maghorofa, na walikopesha miji mizima kwa riba. Walakini palikuwa na kazi moja ambayo sheria yao iliikataza kuwa na bei. Mtu alipomwomba mwenzake amnunulie shamba, amkusanyie madeni, awalipe wadai wake au amtunzie daftari za nyumba wakati yeye yu safarini, na mwenzake akaridhia, wawili hao walifungwa na mkataba ulioitwa mandatum, yaani uwakili. Na sharti la mkataba huo lilikuwa kwamba usiwe na malipo. Gaius, mwalimu wa sheria wa karne ya 2 baada ya Kristo, alitoa mfano wa dobi. Dobi akipewa nguo azifue bila ya ujira kutajwa, huo ni uwakili. Ujira ukitajwa, uwakili umekwisha na imekuwa kazi ya kuajiriwa. Paulus, aliyemfuata yapata miaka 50 baadaye, alieleza sababu: uwakili ulizaliwa na urafiki, na malipo huugeuza kuwa kitu kingine.

Isidhaniwe kwamba sheria hiyo ilikuwa ya upole. Wakili alirudishiwa gharama alizotoa mfukoni mwake, lakini akithibitika mbele ya mahakama kuwa amemhini aliyemwamini, hakupoteza mali tu. Aliondolewa na heshima yake kati ya raia. Kazi ilikuwa ya bure, na adhabu yake ilikuwa ya mtu mzima.

Sababu ya katazo hilo haikuwa urafiki peke yake. Bwana wa Kirumi aliona haya kupokea mshahara. Cicero mwenyewe, katika kitabu cha wajibu alichomwandikia mwanawe mwaka wa 44 kabla ya Kristo, aliwaweka vibarua chini kabisa, akiuhesabu ujira wao kuwa ni rehani ya utumwa. Mtu wa daraja la juu aliyepokea fedha kwa kazi ya akili yake alijishusha mlangoni pa dobi. Ndiyo maana mawakili wa mahakamani nao walikatazwa ada kwa sheria ya mwaka wa 204 K.K. Sheria hiyo ilivunjwa sana, hata mfalme Claudius mwaka wa 47 baada ya Kristo akaona heri kuweka kikomo cha sesterti 10,000 kuliko kuendelea kujifanya kwamba hakuna alipwaye. Mawazo hayo yaliishi maisha marefu. Sheria za Ufaransa za mwaka 1804 zilisema kwamba uwakili ni wa bure ila wenyewe wakipatana vingine. Fikihi ya Kiislamu, iliyotumiwa na makadhi wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ilishika njia nyingine tangu zamani: wakala aweza kuwa wa bure au wa ujira, na kutaja ujira si aibu kwa mmoja wala mwingine.

Kama kuna watu wawili ambao kwao kanuni ya Kirumi yaweza kupimwa, ni Cicero na rafiki yake Atticus, kwa sababu barua za Cicero kwa Atticus zimebaki, zaidi ya 400, na fedha imo karibu katika kila ukurasa.

Titus Pomponius alizaliwa yapata mwaka wa 110 K.K. katika nyumba ya tajiri wa tabaka la wapanda farasi, tabaka lililofuata lile la maseneta. Alisoma utotoni pamoja na Cicero. Roma ilipovurugika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alihamishia sehemu kubwa ya mali yake Athens, akakaa huko miaka 20 hivi, akapata jina la Atticus, maana yake mtu wa Attica. Kwa baba yake alirithi sesterti milioni 2 hivi. Mwaka wa 58 K.K. mjomba wake Caecilius, mtu wa hasira ambaye hakuna aliyepatana naye ila mpwa huyu mmoja, akamwachia milioni 10 nyingine. Ili msomaji apate kipimo: sesterti ni robo ya dinari, na askari wa Julius Caesar, baada ya mshahara kuongezwa maradufu, alipata sesterti 900 kwa mwaka mzima.

Tabia yake ya fedha yaonekana katika jambo moja alilolitenda Athens. Mji ulikuwa na deni la umma, na wakopeshaji wengine walidai riba ya kuukaba. Atticus aliukopesha, wala hakudai riba isiyo haki; lakini siku ya kulipa ilipofika hakuiongeza hata kidogo, kwa kuwa aliona kwamba deni linaloachwa likue ni adhabu kwa mkopwaji. Hakugombea cheo maishani mwake, wala hakujiingiza katika mikataba ya kodi za serikali. Mali yake ilitoka katika ardhi ya Epirus, karibu na mji wa Buthrotum, na katika mikopo. Watumwa wake waliofundishwa kusoma na kunakili vitabu walisifiwa na watu wote. Cornelius Nepos, aliyemjua uso kwa uso na kuandika maisha yake, asema kwamba Atticus alisimamia mambo ya ndugu wawili Cicero, ya Cato, ya Hortensius, ya Aulus Torquatus, na ya wapanda farasi wengi. Kwa maneno ya leo, alikuwa na ofisi kubwa ya kusimamia mali za watu. Hakuna mahali ambapo Nepos ataja ujira, na mtu wa tabaka lile asingalithubutu kuutaja.

Kazi aliyomfanyia Cicero ilianza na mambo madogo. Mwaka wa 67 K.K. Cicero alitaka sanamu za kupamba nyumba yake ya shamba huko Tusculum. Atticus akamnunulia za marumaru ya Megara, na Cicero akamlipa wakala wake sesterti 20,400, ambayo ni bei ya sanamu tu, bila ya ziada kwa macho yaliyozichagua wala kwa meli iliyotafutwa. Mambo yakakua. Cicero alinunua nyumba ya kifahari juu ya kilima cha Palatine kwa sesterti milioni 3 na nusu, nyingi katika hizo akiwa amezikopa, akafanya mzaha kwamba kwa madeni aliyo nayo angefaa kujiunga na njama za kupindua serikali. Alipofukuzwa nchini mwaka wa 58, Atticus alimpa 250,000, si mkopo. Alipokuwa liwali wa Kilikia na akamshuku Philotimus, mtumwa aliyeachwa huru wa mkewe, kuwa amechezea hesabu, alimwandikia Atticus kwa Kigiriki cha mafumbo achunguze kimya kimya, ili barua ikianguka mikononi mwa mtu asielewe. Binti yake Tullia alipofariki mwaka wa 45, naye akashikwa na wazo la kununua bustani ajenge mahali pa kumkumbukia, ni Atticus aliyezunguka kuulizia: bustani ya Drusus, ya Silius, ya Scapula, nani auza, kwa bei gani, kwa fedha taslimu au kwa muda. Barua zilikuja karibu kila siku. Bustani haikununuliwa. Mwaka ule ule mwana wa Cicero alikwenda kusoma Athens, na Atticus alipanga fedha za kijana zipitie kwa hawala, ili dhahabu isivushwe baharini, na kodi za nyumba za kupanga katika mji wa Roma ndizo zilizolipia. Tena Eros, mtu wa nyumba ya Atticus, ndiye aliyezishika daftari za Cicero katika miaka yake ya mwisho.

Mtu akizihesabu kazi hizi kwa ada ya kawaida ya mwenye taaluma, atapata fedha nyingi. Na Cicero, kitu hicho alikijua. Katika kitabu chake juu ya urafiki, alichokitunga mwaka wa 44 na kumtunukia Atticus mwenyewe, aliwapinga watu wasemao kwamba marafiki yawapasa kupeana sawa kwa sawa. Aliona kwamba huko ni kuushusha urafiki mpaka kwenye ubao wa karani. Maneno hayo ni mazuri, wala hapana sababu ya kudhani kwamba hakuyaamini. Lakini aliyaandika mwaka ule ule ambao alimsumbua rafiki huyo huyo kwa barua kuhusu mizania ya Eros.

Basi, Atticus alilipwa nini? Alilipwa kwa sarafu ambayo haikuandikwa katika daftari. Mfanyabiashara wa Kirumi aliyekopesha majimboni alihitaji nguvu za liwali nyuma yake. Bila ya barua ya mkubwa, mdaiwa wa Makedonia au wa Asia alikuwa mbali mno. Cicero alikuwa na barua hizo. Mwishoni mwa mwaka wa 62 alimwandikia Antonius, liwali wa Makedonia, ampokee Atticus na kumsaidia katika shughuli zake. Alimpa habari za Seneti kabla hazijafika sokoni. Hizo zilikuwa fadhili za kawaida, na hazikumdhuru mtu. Lakini deni lisilo na kiasi halijui lini limekwisha, na siku moja lilidai kitu kikubwa zaidi.

Mji wa Salamis, katika kisiwa cha Kupro, ulikuwa umekopa fedha Roma mwaka wa 56 K.K. Sheria ilikataza watu wa majimbo kukopeshwa Roma, lakini mkopeshaji alikuwa na marafiki, na Seneti ikatoa amri mbili za kuuruhusu mkopo huo. Riba ilikuwa 4 kwa 100 kwa mwezi, yaani 48 kwa mwaka. Walioonekana kuwa wakopeshaji ni watu wawili wasiojulikana sana, Scaptius na Matinius. Liwali aliyemtangulia Cicero, Appius Claudius, alimpa Scaptius cheo cha kijeshi na kikosi cha wapanda farasi ili akusanye deni, naye akalizingira baraza la mji ndani ya ukumbi wake mpaka wazee watano wakafa kwa njaa.

Cicero alipofika mwaka wa 51 kushika jimbo la Kilikia, ambalo Kupro ilikuwa chini yake, wajumbe wa kisiwa walimlaki Ephesus, na siku ile ile akaandika wapanda farasi waondoke kisiwani. Alikuwa amekwisha kutangaza kwamba katika jimbo lake riba haitazidi 12 kwa mwaka. Akawaita pande mbili Tarsus. Watu wa Salamis walikuwa tayari kulipa. Kwa hesabu ya 12 kwa 100 deni lilikuwa talanta 106. Scaptius alidai 200. Walipokaa kupiga hesabu, zikatoka 106 barabara. Ndipo Scaptius alipotoa barua ambayo Cicero hakuitazamia: fedha hizo zilikuwa za Brutus. Naye Brutus, kijana wa heshima aliyesifiwa Roma nzima kwa uadilifu wake, alikuwa mtu wa karibu wa Atticus.

Atticus akaandika. Alikuwa amekwisha kumwambia Cicero kwamba hata akirudi kutoka jimboni bila ya kitu kingine ila mapenzi ya Brutus, hayo yatatosha. Sasa aliomba Scaptius apewe wapanda farasi, hamsini tu. Majibu ya Cicero ni katika maneno makali aliyopata kumwandikia rafiki yake. Alimwuliza kama kweli yeye, aliyezoea kuisifu mikono yake safi, aliweza kulitoa ombi hilo kinywani mwake. Na juu ya idadi hiyo ndogo ya watu hamsini, alimkumbusha kwamba Spartacus naye alianza na watu wachache kuliko hao. Hakuwatoa wapanda farasi.

Hapo Cicero angeweza kusifiwa na kuachwa, kama si jambo la pili. Watu wa Salamis waliomba waweke talanta zao 106 hekaluni, ili riba ikome siku hiyo. Lilikuwa ombi la haki, na lilikuwa chini ya mamlaka yake kabisa. Scaptius alimwomba asikate shauri, na Cicero akakubali. Alisema wazi kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya Brutus na Atticus. Riba ikaendelea kukua, na shauri likaachiwa liwali atakayefuata, ambaye angeweza kuwa mtu wa namna ya Appius.

Yaweza kusemwa kwamba Atticus aliomba kwa mapenzi ya Brutus tu, wala hakuwa anadai malipo ya sanamu na hawala. Bila shaka ndivyo yeye mwenyewe alivyoona. Wala Cicero hasemi popote kwamba alikuwa akilipa. Lakini msomaji wa barua hizo aona jinsi liwali mwenye majeshi anavyojitetea mbele ya raia asiye na cheo, akihesabu fadhili alizokwisha kutenda, akiuliza kama hazitoshi. Mtu aliyelipa ada mwezi wa Februari haulizi hivyo. Angaliweza kukataa kwa neno moja, na urafiki ungalibaki ulivyokuwa. Waliolipa tofauti ni wazee wa Salamis, watu ambao hawakupata kupokea huduma yoyote ya Atticus.

Ajabu ni kwamba juu ya mkopeshaji mwingine Cicero aliliona jambo hili bila ya kusaidiwa. Alikuwa amekopa kwa Julius Caesar sesterti 800,000, na kabla ya kwenda Kilikia alimhimiza Atticus tena na tena deni hilo liondolewe. Mwishoni mwa mwaka wa 50, vita vilipokaribia, alikuwa bado analitaja: ni sura mbaya, alisema, kuwa mdaiwa wa mtu unayempinga katika siasa. Deni la Caesar lilikuwa na kiasi, na riba yake ilijulikana. Kwa hiyo lilionekana, na kwa kuwa lilionekana lilimtia haya. La Atticus halikuwa na tarakimu.

Si kila malipo yaliyofanywa kwa sarafu hii yalikuwa machungu. Mwaka wa 45 Caesar aliazimia kuwagawia askari wake wa zamani ardhi ya Buthrotum, kwa sababu wenyeji hawakumaliza kulipa kodi waliyotozwa. Shamba la Atticus lilikuwa pale pale. Atticus alitoa fedha zake mwenyewe kuulipia mji, na Cicero akamwendea Caesar, akapata hati ya kuuokoa. Caesar alipouawa mwezi wa Machi mwaka wa 44, hati ikawa karatasi tu, na walowezi walikuwa wamekwisha kuondoka. Cicero, mzee wa miaka 62, katika mwaka wa hatari kuliko yote, aliandika barua moja baada ya nyingine kwa wakubwa wa msafara ule akiwasihi. Huenda hakuna wakili aliyelipwa kwa bidii zaidi, ijapokuwa Buthrotum hatimaye ikawa koloni la Warumi.

Novemba mwaka ule, katika moja ya barua za mwisho alizompelekea Atticus zilizohifadhiwa, Cicero aongea juu ya madeni yake. Dolabella, aliyekuwa mume wa Tullia, hakurudisha mahari yote, Eros ameleta hesabu zisizoeleweka, wadai wangoja. Roma ilikuwa hatari, lakini atakwenda, hata kama ni kuingia motoni, maana kuanguka kwa madeni ya nyumbani kwake kulimwonea haya zaidi ya kuanguka pamoja na serikali. Hakutaja kumlipa Atticus. Yeye hakuwa katika orodha ya wadai.

Atticus, kwa upande wake, aliendelea na kazi yake. Mwaka wa 43 Marcus Antonius alipotangazwa kuwa adui wa nchi, na watu wakamwandama mkewe Fulvia kwa mashtaka, Atticus alikwenda naye mahakamani na kumsimamia dhamana. Tena aliposhindwa kulipia shamba alilonunua kwa muda, alimkopesha bila ya riba na bila ya hati. Wakati huo huo Cicero alikuwa akitoa hotuba za kumwangamiza Antonius. Upepo ukageuka. Antonius alirudi Roma pamoja na Octavianus na Lepidus, orodha ya watu wa kuuawa ikabandikwa, na Atticus akajificha nyumbani kwa rafiki. Antonius alimwandikia kwa mkono wake mwenyewe atoke asiogope, kwa kuwa jina lake limeondolewa. Mtu mmoja zaidi, Canus, aliponywa kwa ajili yake. Cicero aliuawa tarehe 7 Desemba mwaka wa 43, karibu na nyumba yake ya pwani ya Formiae, na kichwa chake kikatundikwa kwenye jukwaa la wasemaji mjini Roma.

Atticus aliishi miaka 11 baada ya hapo. Alifariki mwaka wa 32, akiwa na umri wa miaka 77, baada ya kukataa chakula katika ugonjwa usiopona. Bintiye alikuwa ameolewa na Agrippa, mkono wa kulia wa Octavianus. Barua za Cicero alikuwa amezihifadhi kwa mafungu, na Nepos aliziona. Zake yeye kwa Cicero hazikubaki hata moja.